Kamera Isiyoshikwa na Mkono

Kitale, 3 Februari 2025

Chamge, ndugu yangu Hesbon,

Nimekupigia tangu Jumamosi, hushiki. Nikikutumia ujumbe unajibu "niko sawa" halafu unanyamaza. Basi nimeamua kukuandikia barua pepe ndefu kama watu wa zamani. Hii angalau huwezi kunikatia katikati.

Kwanza, haikuwa vizuri kukufokea pale kwenye mazishi ya Kamukuywa. Nilisahau kwamba Cherono, mpiga picha wetu wa pili, na wenzake wananisikia kwenye hedifoni. Lakini nawe jiweke mahali pangu. Niko ndani ya gari nachagua picha ya kamera gani iende hewani, jeneza linaanza kushuka, na Phanice, binti ya marehemu, anatazama mtandaoni akiwa Doha kwa sababu mwajiri wake amemkatalia ruhusa ya kuja kumzika mamake. Picha yako ndiyo iko hewani. Mara inaanza kutikisika, halafu inapanda juu kabisa mpaka kwenye kitambaa cha hema. Nilipobadilisha kwenda kwa Cherono, watu walikuwa tayari wanarusha udongo. Jioni Phanice alinipigia. Hakunitukana, laiti angenitukana. Aliniuliza tu, "Kaka, mamangu aliingia vipi?"

Mimi na wewe tulianza kazi hii na kamera moja ya kuazima. Mimi ni wa mitambo, wewe ndiye mkono, na ni mkono wako uliofanya watu watuite kutoka Kapenguria mpaka Busia. Ndiyo maana nauliza kama rafiki: nini kilitokea pale?

Halafu kuna jambo lingine. Muuzaji mmoja hapa mjini ameleta kamera za rimoti, zile zinazojigeuza zenyewe juu ya stendi huku mwendeshaji ameketi mbali. Ana aina mbili, moja nyeupe na moja nyeusi. Najua utakataa. Si ni wewe uliyesema kamera bila mkono wa mtu ni kama jicho la samaki sokoni, liko wazi lakini halioni? Lakini nimechoka na watu wetu kusimama juu ya kaburi wakiwakanyaga wafiwa. Niambie unaonaje.

Wako,
Kipkosgei


Bungoma, 9 Februari 2025

Mulembe ndugu yangu Kipkosgei,

Simu yangu imeharibika pale pa kuongelea. Mtu akinipigia namsikia, yeye hanisikii. Nitaipeleka kwa fundi. Kwa sasa tuandikiane tu, ni sawa.

Ya Kamukuywa yalinikaa vibaya. Kuna kijana wa ukoo aliyekuwa akisukumana apate kuona, akanigonga kiwiko. Nilijaribu kuishika picha ikanishinda. Mpe Phanice pole zangu. Mwambie mamake aliingia taratibu, kamba hazikukwama, na wajukuu wawili walishika shada. Mimi niliona kwa macho yangu.

Kuhusu kamera, sikatai. Nunua. Ila usichukue nyeupe, chukua nyeusi. Nilizisoma zote mbili kwenye mtandao. Nyeusi unaweza kuiwekea picha zako mapema kwa namba: moja ni mchungaji, mbili ni jeneza, tatu ni wafiwa. Siku ya kazi unabonyeza namba tu, inaenda pale pale ulipoiweka, polepole, bila kushtuka. Hata muda wa kufika unaipangia. Nyeupe pia ina namba, lakini wanaoitumia wanasema ikirudi inakosea kidogo na inaanza kwa kuruka.

Watu hubadilika, Kipkosgei. Yale ya samaki niliyasema zamani.

Salamu kwa shemeji, Mama Kimeli.

Hesbon Wakhungu


Kitale, 17 Februari 2025

Hesbon, bana,

Uliahidi kuja kwenye mazishi ya Naitiri, hukuja. Mkeo Peris alinitumia ujumbe asubuhi ile ile ati tumbo linakuuma. Pole kama ni kweli, lakini nilibaki na Cherono peke yake na kamera nyeupe ya kujaribu.

Na ilifanya kazi! Tuliisimamisha mbali kabisa, nyuma ya hema la wageni, lakini inavuta mara thelathini. Niliona machozi kwenye kope za mjane na hakuna aliyejua tunamtazama. Nyeusi yako inavuta mara kumi na mbili tu. Kwa mazishi ya huku kwetu, watu elfu mbili uwanjani, hiyo kumi na mbili itakufikisha wapi? Itabidi uisogeze karibu, na tukiisogeza karibu tumerudi pale pale.

Ni kweli nyeupe inaruka kidogo ikianza. Lakini kile kijiti chake cha kuongozea, mtu mwenye mkono mwepesi akikishika, huoni huo mruko. Nilimwambia Cherono, "Ngoja Hesbon akishike hiki kijiti, utaona kamera ikicheza." Nilikuwa nakusifu, hata kama hukuwepo.

Sasa nieleze kitu. Tangu lini wewe ukapenda vitufe? Mtu uliyekuwa ukiwacheka watu wa televisheni ati wanapiga picha kama wanapiga chapa! Umebadilika haraka sana na sijui kwa nini.

Kipkosgei


Bungoma, 25 Februari 2025

Ndugu yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jinsi ya kukujibu bila kugombana.

Umbali unatibika. Nyeusi tunaweza kuiweka juu ya nguzo ndefu kando ya hema, waya mmoja unapeleka umeme na kurudisha picha, na haimkanyagi mtu. Lakini kamera inayoruka haina dawa. Mtu akilia, halafu picha inamrukia usoni, anayetazama kule mbali anahisi kama amepigwa kofi. Na kijiti kinataka mkono wa mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku mkono umechoka je? Siku mwenye mkono hayuko je? Namba haichoki.

Sijawahi kukuomba kitu kwa kazi hii. Ulipotaka tununue gari sikupinga, ulipotaka ofisi iwe Kitale badala ya Bungoma sikupinga. Hii moja nakuomba. Chukua nyeusi. Nitakuja niipange mwenyewe, niketi nayo, nibonyeze. Nataka kuendelea na kazi, Kipkosgei.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Hesbon


Kitale, 4 Machi 2025

Hesbon,

Sasa nimeelewa, na ningependelea kubaki mjinga.

Ijumaa Mama Kimeli alikuwa mjini kununua mbegu. Akakuona. Wewe, hapa Kitale, unapanda ngazi za lile jengo lenye studio ya Jelimo, mshindani wetu, juu. Alikuita kwa jina mbele za watu. Hukugeuka. Ulisimama kidogo kama mwizi aliyesikia mbwa, kisha ukapanda.

Umekuja Kitale hukupita kwangu. Watoto wangu wanakuita baba mdogo. Ungekuja ukaniambia, "Kipkosgei, Jelimo ananipa kazi," ningeumia lakini ningekupa mkono. Badala yake unanifundisha kamera ya kununua. Sasa naona kwa nini hukuja Naitiri. Sijui kama nyeusi uliitakia kampuni yetu, au ni kampuni yenu mpya iliyotaka kuijaribu kwa pesa zangu.

Nimechukua nyeupe, zote tatu alizokuwa nazo muuzaji. Cherono atakaa kwenye kijiti. Vifaa vilivyo kwako, hedifoni na stendi ile kubwa, mpe dereva wa matatu ya Kimilili aniletee.

Kipkosgei


Bungoma, 10 Machi 2025

Shemeji Kipkosgei,

Ni Peris, mke wa Hesbon. Hajui ninaandika. Amelala kwenye kiti, na akiamka nitakuwa jikoni.

Sitaki kukulaumu. Ningekuwa wewe labda ningefikiria hivyo hivyo. Lakini shemeji, katika jengo hilo studio ya Jelimo iko juu na daktari wa mishipa ya fahamu yuko chini yake. Hesbon alikuwa anaenda kwa daktari. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka mwaka juzi, kidogo, tukasema ni uchovu. Mwaka jana ukazidi. Daktari anasema ni ugonjwa wa Parkinson. Anasema dawa zitausaidia mkono lakini ugonjwa wenyewe hautaondoka.

Alimsikia Mama Kimeli akimwita. Aliporudi nyumbani alinieleza huku akilia. Alitaka kugeuka, mguu ukaganda pale kwenye ngazi. Alitaka kuitikia, sauti haikutoka. Sauti yake siku hizi imekuwa ndogo, ndiyo maana hashiki simu. Simu si mbovu. Hakutaka uisikie.

Na pale Kamukuywa hakuna mtu aliyemgonga.

Nikwambie jambo la mwisho kisha niache. Mchana huketi na rimoti ya televisheni. Runinga imezimwa. Anabonyeza moja, mbili, tatu, anapumzika, anaanza tena. Nilimuuliza, "Baba, unafanya nini?" Akasema, "Najaribu kama kidole bado kinasikia." Alifikiri kamera ya namba ndiyo itamwacha abaki na ninyi. Barua yako ilipofika na kusema umenunua nyeupe, aliiweka rimoti juu ya kabati. Hajaishika tena.

Vifaa vyako viko hapa, vimefungwa. Nimeshindwa kumpa dereva.

Peris Nakhungu


Kitale, 12 Machi 2025

Ndugu yangu Hesbon,

Peris ameniandikia. Usimkasirikie. Kama kuna mtu wa kukasirikia, ni huyu aliyekufananisha na mwizi. Nilisoma barua yake nikiwa na Mama Kimeli, naye akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye zizi bila kazi yoyote.

Mbona hukuniambia, bana? Lakini naacha. Nimekuuliza maswali ya kutosha mwaka huu.

Nimerudi kwa muuzaji. Amenung'unika sana, lakini amekubali kuchukua nyeupe mbili na kunipa nyeusi mbili. Nimezijaribu uani. Ulisema kweli. Moja niliielekeza kwenye uso wa ng'ombe, nikaipeleka kwenye lango, nikairudisha kwa namba. Ikarudi kwenye jicho lile lile, polepole, mpaka ng'ombe mwenyewe hakushtuka.

Tarehe ishirini na tisa tuna mazishi ya mwalimu mmoja Kimilili. Wanawe wako nje, watatazama. Nataka uketi kwenye vitufe. Nitakuja na gari mpaka mlangoni kwako. Cherono ameambiwa, na hakuna mwingine atakayeambiwa mpaka wewe useme.

Njoo, Hesbon. Mahali pako papo.

Kipkosgei


Kitale, 31 Machi 2025

Hesbon,

Nakuandikia haraka kabla sijasahau. Kazi ya Kimilili imesifiwa. Mwana mkubwa wa marehemu amenitumia ujumbe, anasema alihisi kama ameketi safu ya kwanza. Umeona? Nilikwambia. Ule mkosi mdogo mchungaji aliposimama hakuna aliyeuona, na baada ya hapo uliendesha kama zamani, safi kabisa mpaka mwisho.

Tuna ibada ya shukrani hapa Kitale baada ya Pasaka. Nikuhesabu?

Kipkosgei


Bungoma, 13 Aprili 2025

Kipkosgei ndugu yangu,

Samahani nimekawia. Siku hizi barua moja inanichukua siku kadhaa. Naandika kwa kidole kimoja, na nikikosea herufi narudi mwanzo wa neno.

Nimeitazama rekodi ya Kimilili yote. Mwanzo ni mimi, naijua kazi yangu. Kisha mchungaji anasimama, kidole changu kinagonga mara mbili, na picha inatoka kwake inaenda kwenye masufuria ya wapishi, inakaa huko, halafu inarudi. Kutoka hapo hakuna kosa hata moja. Ndipo nilipojua. Maana nakumbuka nilichobonyeza, Kipkosgei. Mjane alipoinuka nilibonyeza tatu ili nimpate uso. Kwenye rekodi kamera iko kwa watoto. Jeneza lilipobebwa nilibonyeza tano. Kamera ilibaki mbili, na mbili ndiyo iliyokuwa sahihi. Siku ile nilidhani mtambo unakawia. Skrini mliyoniwekea ilikuwa ndogo, picha zote zimebanwa pamoja, na nilikuwa namwangalia zaidi mkono wangu.

Ulinizimia vitufe. Cherono alikuwa anaendesha kutoka kwenye gari. Mimi niliketi pale kwenye hema mpaka watu wakatawanyika, nikibonyeza, nikijisifu moyoni. Ulipokuja ukanipiga bega ukasema, "Umetuokoa," nilikaribia kulia kwa furaha.

Usiniombe msamaha. Nimekaa na jambo hili wiki mbili na hasira imekataa kuja. Ningekuwa kwenye kiti chako ningezima mapema zaidi. Mtu hazikwi mara mbili ili Hesbon ajaribu tena. Ila usinihesabu kwa ibada ya Kitale, wala kwa nyingine. Nyeusi mpe Cherono moja kwa moja. Mwambie akipanga namba zake aache nafasi juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu watu wenye uchungu huinuka ghafla.

Sasa nikueleze ya jana. Alizikwa mzee Khaemba, jirani yetu hapa. Peris aliniuliza kama nitaweza kwenda, nikasema nitaenda. Nilikalishwa kwenye kiti cha plastiki, katikati ya watu wa kawaida. Sikujua mtu huweka macho wapi. Kulikuwa na vijana wa kampuni nyingine wanapiga picha, na mwanzoni niliwatazama wao tu: huyu amesimama vibaya, yule jua liko nyuma yake. Kisha jeneza likapita karibu nami, karibu kabisa, nikasikia mbao zikilia mikononi mwa waliobeba.

Hapo baba yangu akanijia. Unajua nilimpiga picha mwenyewe, tangu mochari mpaka kaburini. Watu walisema nimejikaza kiume. Sikujikaza. Nilikuwa nashughulika na mwanga, mawingu yalikuwa yanapita na kila mara ninarekebisha. Mpaka jana nikimkumbuka baba akishuka, nilikuwa namwona mdogo, ndani ya fremu, na taa nyekundu ya kurekodi kwenye kona. Nimewazika watu wengi hivyo, Kipkosgei. Hata mmoja sikumlilia.

Jana nililia mpaka mama wa watu akaniuliza kama mzee Khaemba alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja. Nikasema ndiyo, maana nisingeweza kueleza. Mkono ulitetemeka wote, mpaka bega. Hakuna aliyeutazama. Kwenye matanga mikono ya watu wote hutetemeka.

Sijapata nafuu kwa sababu hiyo, usidanganyike. Usiku ni mrefu, na naogopa siku ambayo Peris atanilisha. Nilifikiri ningekuficha mpaka ipatikane mashine ya kunificha. Imepatikana, ni nzuri kuliko tulivyotarajia, na haikunihitaji.

Njoo unione. Usilete habari za kazi, njoo tu na Mama Kimeli, tunywe chai. Msipitie mbele, piteni mlango wa jikoni. Ule wa mbele una ngazi, na ningependa nikufungulie mwenyewe.

Hesbon